Nimnunulie mzee Palm ya elfu 60 au simu? Jibu kwa binti wa fundi cherehani

"Habari za kazi fundi simu. Baba yangu ni fundi cherehani hapa Mwanza, mwezi wa nane anatimiza miaka 65 na nataka nimpe zawadi ya maana. Shida yake ni vikaratasi. Kila kitu anaandika kwenye vikaratasi, vipimo vya wateja, tarehe ya mtu kuja kuchukua nguo, nani kalipa nusu, namba za simu, tarehe ya kliniki ya presha, afu vinapotea anaanza kugombana na wateja. Juzi kakosa kliniki kabisa. Kuna jamaa anauza vitu vilivyotoka kwenye kontena la Ulaya, ana Palm Zire iko kwenye boksi lake haijawahi kutumika, anataka elfu 60. Nimeipenda kwa sababu ni ya kupangia mambo tu, haina Facebook haina nini, na kwa kuwa haina intaneti nadhani taarifa za mzee zitakuwa salama humo. Mwenzangu kazini anasema niachane nayo ninunue smart used. Baba ana kitochi, simu za kupangusa anasema hazimhusu. Bajeti yangu laki na nusu, nikijikaza sana laki mbili. Nimnunulie ipi, na hivyo vikaratasi nitavihamishaje?"

Nzuri dada yangu, pole na hilo la kliniki na hongera kwa kumuwaza mzee. Nikupe jibu kabla ya maelezo ili hata ukiishia hapa usije ukatoa hela yako bure. Hiyo Palm usinunue hata jamaa akushushie mpaka elfu 20, smart used nayo usiikimbilie, na kabla hujanunua chochote kuna kazi ya wiki moja ya kufanya ambayo haina gharama. Kitu ambacho nadhani kitamfaa mzee kipo ndani ya bajeti yako na chenji inabaki, ila inabidi nikueleze kidogo jinsi hivi vidude vinavyotunza kumbukumbu maana hapo ndo watu wengi wanapopigwa.

Palm siidharau, enzi zake ilikuwa ndo ogenaiza, yani kidude cha kupangia mambo, cha mfukoni ambacho zingine zilipimwa nayo. Ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1996 inauzwa dola 299, unapata kalenda, kitabu cha majina na namba, orodha ya mambo ya kufanya na sehemu ya kuandika maelezo, unaandika kwa kikalamu juu ya kioo na kila kitu kinafunguka hapohapo. Hiyo Zire ilitoka 2002 kwa dola 99, waliitengeneza kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwa na kifaa cha namna hiyo na hataki kutoa hela nyingi, kwa hiyo wazo lako ni lilelile la walioiunda, mtu kama mzee ndo waliyekuwa wanamlenga. Lakini imepita miaka zaidi ya ishirini sasa, na ndani ya hilo boksi kuna vitu vimeendelea kuzeeka hata kama hakuna mtu aliyelifungua.

Anza na betri. Zire inatumia betri ya lithiamu ya kuchaji na imejengewa humohumo, hakuna mfuniko nyuma ukaufungua ukaichomoa kama kwenye kitochi. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikikaa tu kabatini, inajimaliza chaji taratibu, na ikishuka sana kwa muda mrefu inaharibika ndani kwa ndani, ukija kuichomeka sasa aidha haipokei chaji, au inapokea afu inaisha haraka, au inavimba mpaka inasukuma kioo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia mpya kwenye boksi, anasema kweli kuhusu plastiki na kioo, betri haijali kama ilikuwa kwenye boksi au mfukoni kwa mtu. Na chaja yake si hii ya simu za sahivi, ikipotea au ikiungua utazunguka Mwanza nzima.

Kubwa zaidi ni memori, na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndo kwenye lile ulilosema kwamba kwa kuwa haina intaneti basi taarifa zitakuwa salama. Kuna aina mbili za memori kwenye hivi vifaa. Kuna inayoitwa flashi, ndo iko kwenye simu zote za sahivi na kwenye memori kadi, hiyo ukiandika imeandika, chomoa betri, kaa mwaka, rudisha, utakuta kitu chako. Kuna nyingine inaitwa RAM, hiyo inashikilia maandishi kwa nguvu ya umeme tu. Ni sawa na mtu aliyejitwisha ndoo ya maji, siku nguvu zikimwishia yote yanamwagika hayabaki hata ya kunawa. Zire ile ya 2002 inaweka kila kitu kwenye RAM, MB 2 tu, kalenda humo, majina humo, maelezo humo. Yani mzee aingize majina ya wateja mia na tarehe zao, afu apate msiba aende kijijini wiki mbili aisahau kwenye droo na betri yenyewe imeshachoka, akirudi akaichomeka itawaka vizuri tu, itamwambia aguse alama kwenye kioo kwa kikalamu kama inavyofanya siku ya kwanza, na ndani hamna jina hata moja. Hakuna fundi wa kurudisha hayo. Watu wananiletea vifaa vya zamani vya namna hii wakiamini kuna mahali data imejificha, kwa kweli haipo, ilishaondoka na umeme.

Palm wenyewe walilijua hilo ndo maana mfumo wao mzima ulitegemea kuunganisha kidude na kompyuta kila mara, unabonyeza kitufe nakala inahamia kwenye kompyuta, kikizimika unarudisha kutoka kule. Sasa kompyuta nyingi za leo zina Windows ya biti 64 na Palm hawakuwahi kutoa draiva ya USB, yani programu ya kuifanya kompyuta ikitambue kifaa, ya vifaa hivi kwa Windows hizo, HP waliinunua kampuni mwaka 2010 na Agosti 2011 wakatangaza kuachana na vifaa vyake, kwa hiyo hakuna atakayekuja kuitoa. Wapo wataalamu wanaopenda vitu vya kale wana njia zao za kuzunguka hilo ila zawadi ya mzee wa miaka 65 isitegemee njia za kuzunguka. Halafu kuna hili dogo ambalo wauzaji wengi hata hawalijui, kalenda ya Palm inaishia tarehe 31 Desemba 2031, haina mwaka wa mbele ya hapo. Tarehe za kliniki zake za baadaye zitafika mahali hazina pa kuandikwa.

Ongeza na kwamba Zire ile haina taa ya kioo, umeme ukikatika jioni mzee hasomi kitu, na sauti yake ya kukumbusha ni kamlio kembamba sana, weka pembeni ya cherehani inayokimbia na redio imewashwa uone kama utaisikia. Mwandiko nao inabidi ajifunze upya, huandiki herufi unavyojua wewe, kuna alfabeti yake. Jamaa akibadilisha akikuambia anayo Palm Z22, ile ya mwaka 2005, hiyo angalau memori yake ni ya flashi haipotezi vitu betri ikiisha na kioo kina rangi, lakini betri ya zamani, draiva na mwaka 2031 viko palepale.

Kwa hiyo usalama unaouongelea una pande mbili, upande wa kuibiwa kwa njia ya mtandao na upande wa kupotea. Mzee wako hana mtu anayemwinda mtandaoni amwibie vipimo vya suruali. Hatari yake yeye ni kupotea, kuishiwa chaji, kulowana, kuibiwa kidude chenyewe kwenye daladala. Ukinunua kifaa cha kupangia mambo jiulize swali moja kabla ya mengine yote, hiki kikifa leo mchana, kilichoandikwa humo kipo wapi kingine? Kama jibu ni hakuna kwingine, hapo umebadilisha vikaratasi vingi vinavyopotea kimoja kimoja ukaweka kikaratasi kimoja kinachopotea na kila kitu.

Sasa tuje kwa mzee mwenyewe. Kabla hujaenda dukani nenda ofisini kwake ukae naye nusu siku uviangalie hivyo vikaratasi, usivikusanye wala usivitupe, viangalie tu viko wapi na vinasema nini. Nina uhakika utakuta ni vya aina tatu nne tofauti na kila aina ina dawa yake. Kile chenye vipimo, kiuno hiki, urefu huu, mara nyingi mafundi cherehani wanakibana kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, na hapo dada yangu mzee yuko sahihi kabisa usimguse. Kikaratasi kikiwa na pini kwenye kitenge cha mteja hakiwezi kuchanganyika na cha mteja mwingine, akichukua kitambaa vipimo vinakuja navyo. Ukimhamishia vipimo kwenye kifaa ndo utamletea balaa, atakuwa na kitenge mkononi na vipimo kwenye menyu, na siku moja atamkatia mama mnene suruali ya mtoto wa shule. Vipimo vya wateja wa kudumu tu ndo vya kunakiliwa mahali pengine, na pa kunakili ni kaunta buku, ukurasa kwa mteja.

Madeni na nani kalipa nusu, hayo pia ni ya kaunta buku. Najua utasema fundi gani huyu nauliza kifaa ananiambia daftari, ila deni linahitaji kuonekana na watu wawili, mteja akibisha mzee anafungua ukurasa anamwonyesha tarehe na sahihi yake mwenyewe mteja, kwenye kitochi hutamwonyesha mtu kitu akaridhika. Namba za simu zinakaa kwenye simu ambayo tayari anayo. Kinachobaki ni tarehe, tarehe ya mtu kuchukua nguo, tarehe ya kliniki, saa ya dawa, na hapa ndo kaunta buku linaposhindwa kwa sababu daftari haliwezi kupiga kelele. Halikuiti. Lazima ukumbuke kulifungua, na mtu anayesahau ndo huyohuyo atakayesahau kulifungua. Kwa hiyo kifaa unachonunua kazi yake kwa mzee ni moja tu, kumwita kwa sauti siku inayotakiwa na saa inayotakiwa. Ukishalijua hilo sifa zingine zote unazozisoma zinapungua uzito.

Ile kazi ya wiki moja niliyokuambia nimeichukua kwa Palm haohao. Jeff Hawkins, aliyeianzisha hiyo kampuni, kabla hawajatengeneza chochote alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kidude anachokiwaza akawa anatembea nacho mfukoni, mtu akimuuliza una nafasi siku fulani anakitoa anajifanya anaandika, ili ajue kama kweli mtu atakuwa anakitoa mfukoni au kitakaa tu. Mfanyie mzee hivohivo kwa daftari dogo la mfukoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwambie baba kwa wiki hii kila tarehe iandike humu. Ikifika wiki uone. Akiwa analitoa anaandika, basi ana tabia ya kushika kumbukumbu mwenyewe na kifaa atakitumia. Daftari likikutwa jeupe na vikaratasi vimeendelea kumwagika, ujue hata ungemletea kifaa cha milioni mbili hataingiza kitu humo, na atakayekuwa anaingiza ni wewe au mdogo wako au kijana anayemsaidia ofisini, kwa hiyo ununue kitu ambacho huyo mwingine anakiweza. Hilo la nani ataingiza ndo linalofanya zawadi nyingi za namna hii ziishie kabatini, watu wanachagua kifaa kwa kumwangalia mpokeaji peke yake wakati anayekilisha taarifa ni mtu mwingine.

Kwenye vifaa vyenyewe, mi naanza na kile alichonacho. Kichukue kitochi chake utafute kwenye menyu sehemu ya kengele na sehemu ya kalenda. Kengele karibu vyote vinayo, na vingi unaweza kuchagua ijirudie kila siku, hiyo tayari imeshamaliza dawa ya presha bila wewe kutoa hata mia. Kalenda ndo inatofautiana sana. Vitochi vingine kalenda yake ni picha ya mwezi tu unaangalia leo ni jumatano basi, vingine unaweza kuandika tukio kwenye tarehe ukaweka na saa ya kukumbushwa. Hicho cha pili ndo unachokitaka, na kwa nje vinafanana kabisa, hata muuzaji mara nyingi hajui kwa sababu hakuna anayeulizaga.

Kwa hiyo dukani jaribu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, usikubali kuambiwa ipo tu. Weka laini, weka tarehe na saa, andika tukio la dakika kumi mbele, kliniki, uhifadhi. Zima simu, chomoa betri, hesabu kama dakika moja hivi, rudisha uwashe. Angalia vitu viwili. Cha kwanza lile tukio kama bado lipo, litakuwepo maana ni flashi. Cha pili ndo chenyewe, angalia saa. Vitochi vingi vya bei ya chini havina kibetri kidogo cha akiba cha kutunza saa, ukichomoa betri saa inarudi mwanzo, tarehe inakwenda mwaka wa nyuma huko, na kengele zote zinafuata saa hiyo ya uongo. Mzee ataona simu inawaka na kengele iko palepale alipoiweka ila itamwamsha saa nane za usiku kunywa dawa. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuifanya simu ichukue saa yenyewe kutoka kwenye mtandao wa laini, iwashe hiyo kama ipo, na kama haipo au saa inakataa kurudi, chagua simu nyingine. Afu ukisubiri ile dakika ya tukio ifike sogea hatua kumi uone unaisikia. Duka la Mwanza mjini lenye kelele linatosha kabisa kuwa kipimo cha ofisi ya mzee.

Vingine vya kuangalia ni vitufe vikubwa visivyoteleza, maandishi ambayo mzee anayasoma bila kuazima miwani ya mtu, menyu ya Kiswahili na betri ya kuchomoka ambayo utaipata nyingine ikichoka. Kitochi kipya cha namna hii hakitakumalizia hata nusu ya bajeti. Kwa kinachobaki nunua kaunta buku nene la jalada gumu na kalenda kubwa ya ukutani ya kubandika ofisini juu ya cherehani, tarehe za kuchukua nguo azizungushie kalamu hapo, kitochi kipige kelele na ukuta useme ni nani. Fungasha vyote pamoja. Mi naona hiyo ni zawadi ya mtu aliyekaa akamfikiria baba yake.

Upande wa mwenzako wa kazini, hajakosea sana. Simu janja ina kitu kimoja ambacho kwa fundi cherehani ni dhahabu, kamera. Mteja akileta kitenge mzee anapiga picha kitambaa, kikaratasi chenye pini na mteja mwenyewe akiwa kasimama hapo, na picha inajiandika tarehe. Ubishi wa nilileta mita nne wewe unasema tatu unaisha. Halafu ukimfungulia akaunti ya Google, majina na kalenda vinanakiliwa nje ya simu, ikiibiwa anaingia kwenye nyingine anavikuta, na wewe ukiwa kazini unaweza kumwandikia tarehe ya kliniki kwenye simu yako ikatokea kwenye yake akiwa na bando. Kwa swali lile la kikifa leo mchana kilichomo kipo wapi, simu janja ndo inajibu vizuri kuliko vyote. Ila yeye ameshakwambia hazimhusu, na mtu mzima akisema hivyo mi namwamini. Labda kama umemwona akiazima simu za wajukuu aangalie picha za WhatsApp, hapo ana hamu anaona aibu tu kuanza, basi mpe.

Ukienda njia hiyo nunua mpya ya chini kabisa kuliko used ya kifahari. Kwa laki na nusu hadi mbili tafuta zile zenye Android nyepesi inayoitwa Go, zisiwe na RAM chini ya GB 2 (humu RAM ni ya kuendeshea programu tu, vitu vya mzee vinakaa kwenye flashi) wala nafasi ya flashi chini ya GB 32, menyu igeuze iwe Kiswahili. Ukiona simu ya laki imeandikwa GB 512 ondoka hapo, huo ni uongo wa kukuvutia. Na kama lazima iwe used, kuna mtego wa akaunti. Tangu Android 5.1, simu ikifutwa bila kuondoa akaunti ya mwenye nayo wa zamani inakudai neno lake la siri na huendi popote, kwa hiyo mwambie muuzaji airizeti mbele yako na uifuate mpaka ifike kwenye kioo cha nyumbani bila kudai akaunti ya mtu. Piga *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zifanane na zilizoandikwa kwenye boksi, afu zitume kwa meseji kwenda 15090 uone kama majibu yanataja aina hiyohiyo ya simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016 na watu waliliwa hela zao hivihivi.

Lingine la simu janja ambalo linawaumiza watu ni kwamba nyingi za bei ya chini zina mfumo wa kubana chaji ambao unazifungia programu zinazokaa kimya nyuma, na programu ya kukumbusha dawa uliyoipakua inakaa kimya nyuma, kwa hiyo siku tatu inalia ya nne hailii. Saa ya dawa iweke kwenye programu ya Saa iliyokuja na simu, kengele yake mfumo unaiheshimu hata simu ikiwa imelala. Tarehe za mwezi weka kwenye kalenda na uifungulie ruhusa kwenye mipangilio ya betri isibanwe. Na neno la siri la akaunti liandike kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku linalokaa nyumbani, namba ya kurudishia akaunti iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, siyo laini yako ya zamani ambayo unaweza kuitupa kesho.

Zile ogenaiza ndogo za Casio zenye vitufe vya herufi, utazikuta kwenye meza za vitu vya zamani. Zinatumia betri za kitufe, CR2032, zinapatikana, na nyingine zina betri ya pili ya akiba ili ukibadilisha ya kwanza vitu visifutike. Kwa mtu aliyeizoea tangu ujana wake si mbaya. Kwa anayeanza leo sioni inampa nini ambacho kitochi hakimpi, na ni kitu cha pili cha kubeba.

Kuhamisha vikaratasi, usihamishe vyote. Kaa naye jioni moja, yeye asome wewe uandike. Tarehe zilizopita tupa. Tarehe zijazo peke yake ndo ziingie kwenye kifaa, utashangaa ni chache. Kliniki weka kengele mbili, moja siku moja kabla jioni ili aandae kadi na nauli, nyingine asubuhi yenyewe, maana kumwambia saa nne kwamba kliniki ni leo wakati ana mteja anasubiri haisaidii. Majina usiyaache kwenye laini peke yake, laini nyingi zinabeba majina 250 hivi na jina lenyewe linakatwa kati, weka kwenye simu na uyanakili kwenye daftari. Kila tukio liandikwe kwa maneno yake yeye, kama anamwita mteja mama Neema wa gauni la sendoff andika hivohivo, usimsafishie.

Ukiwa na kifaa cha zamani nyumbani ambacho betri imevimba au kinachemka kwenye chaji, kitoe kwenye umeme, usikitoboe wala usikibinye kirudi, mpelekee fundi mkono kwa mkono.

Na kuna jambo ambalo siyo la fundi simu. Umesema juzi kakosa kliniki. Kama mzee amekuwa wa vikaratasi maisha yake yote na vinapotea kwa sababu wateja wameongezeka, hiyo ni kazi ya kengele na ukuta. Lakini kama kusahau kumeanza miezi ya karibuni, anauliza swali hilohilo mara mbili tatu ndani ya saa moja, anapotea njia anayoijua, anachanganya vipimo kwenye kazi aliyoifanya miaka yote, au akisimama anapepesuka, usitafute kifaa, mpeleke hospitali umwambie daktari hivyohivyo ulivyoona. Akiamka ghafla upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki sawa mkimbize saa hiyohiyo. Na ile kliniki iliyopita msisubiri tarehe ya mwezi ujao, nendeni wiki hii mkaulize, na dawa zake asiziongeze wala kuziacha kwa sababu kengele ililia au haikulia, afuate alivyoelekezwa kule.

Ukishakaa naye hiyo nusu siku niandikie umeona nini kwenye vikaratasi, na fungua mfuniko wa nyuma wa kitochi chake, chini ya betri kuna jina la modeli, nitumie nikuambie kama kalenda yake ni ya kukumbusha au ni picha tu, inawezekana hela yako yote ikaishia kwenye kaunta buku, kalenda ya ukutani na shati zuri.